Vayoleti ya Afrika imelegea na udongo umelowa: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabata, ghorofa ya pili. Desemba nilinunua vayoleti ya Afrika yenye maua ya zambarau. Iko sebuleni, dirisha la magharibi, na kila asubuhi naimwagilia maji ya kisima. Maua yalipokwisha nikaiwekea urea kidogo. Sasa majani ya chini yamelegea ingawa udongo umelowa, ya katikati yamedumaa na kukakamaa, na ukingo wa chungu umeota gamba jeupe. Niongeze maji?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata tone. Mmea unaolegea huku udongo wake umelowa hauna kiu. Mizizi imeoza na haiwezi tena kupandisha maji. Hapa Dar kuoza huko huja haraka, maana huu ni mmea wa Usambara, wa kwenye miamba ndani ya kivuli cha msitu. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Hupenda nyuzi joto 18 hadi 25, na mizizi yake ni myembamba, imezoea kushika mboji kidogo yenye hewa. Joto la Februari likikutana na udongo mzito uliolowa, mizizi hukosa hewa na kuvu huingia.

Toa mmea kwenye chungu leo hii. Shika mzizi mmoja kwa vidole viwili uuvute taratibu: mzima ni mweupe na unakaza, uliooza ni wa kahawia, ganda lake linachomoka na kukuachia kiuzi. Kata yote iliyooza kwa wembe uliofutwa na spiriti. Kisha tazama shina lilipokatwa. Ukiona duara au doa la kahawia ndani, endelea kukata vipande vyembamba kwenda juu, ukifuta wembe kila mara, hadi nyama iwe safi kabisa. Watu wengi huishia hapo mapema, na doa lililobaki humaliza mmea ndani ya wiki chache. Ondoa majani ya chini, bakiza matano au sita ya katikati.

Udongo usiwe wa bustani. Changanya sehemu mbili za kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi lakini hazijawa majivu. Kokopiti ya pwani mara nyingi ina chumvi, kwa hiyo iloweke na kuisuuza mara mbili kwanza. Chungu kiwe na upana wa sentimita 7 au 8 tu na matundu chini. Kikubwa zaidi hubaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza. Lowanisha kidogo, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, utoboe matundu machache, weka mahali penye mwanga pasipo na jua kwa wiki tatu hadi nne.

Majani mazima uliyoondoa usiyatupe. Kata kikonyo mshazari, kibaki sentimita 3, kichomeke nusu yake kwenye mchanganyiko huohuo. Miche huchomoza baada ya miezi miwili hivi, na hiyo ndiyo akiba yako mama yao akishindikana.

Gamba jeupe ni chumvi, ya kisima na ya mbolea. Hulundikana pia kwenye moyo wa mmea na kudumaza majani machanga, na vikonyo vinavyoegemea ukingo huungua pale vinapogusa. Tumia maji ya mvua. Yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi pia hayana chumvi. Jaza kisahani maji ya kimo cha sentimita 2, simamisha chungu humo kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia pale tu udongo wa juu utakapokauka ukiugusa. Maji ya simtanki lililopigwa jua mchana kutwa yaache yapoe, na usiyamwage juu ya majani, huacha madoa. Kunyunyizia hewani hakuna haja, unyevu wa Dar unatosha.

Urea acha kabisa, inaunguza mizizi hii. Majani mapya yakishatoka, weka mbolea ya NPK 20-20-20 ya kuyeyusha, robo kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, kila baada ya wiki mbili.

Lakini kagua moyo wa mmea kwanza. Majani machanga yakiwa ya kijivu, yamejikunja na yana vinyweleo vingi kupita kawaida, huenda ni utitiri, ambao macho hayauoni. Hapo nashauri uuchome mmea wote, pamoja na majani uliyokusudia kuotesha, kabla haujaambukiza mingine.

Dirisha la magharibi halifai, jua la alasiri hupausha majani. La mashariki lenye pazia jepesi ndilo bora. Madirisha ya kaskazini na kusini yanahitaji akili kidogo: Dar, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi takriban tarehe 10 Oktoba, kisha huhamia kusini. Chungu kilichokuwa salama Julai kinaweza kuungua Desemba bila kusogezwa. Vikonyo vikirefuka na kuelekea juu, mwanga ni mdogo. Taa ya LED sentimita 30 juu ya mmea, saa 12 kwa siku, hutosha.

Kiyoyozi ukiweka nyuzi 24 kinasaidia, mradi upepo wake usiupige mmea moja kwa moja. Maua usiyasubiri msimu wa joto. Ukianza kuokoa sasa, lenga Juni hadi Septemba, usiku unapopoa. Na kwenye dirisha la magharibi weka waridi la jangwani, ambalo jua hilohilo ndilo linalolitoa maua.