Maji yakitoka, twende: maswali yenu kuhusu kutembea ufukweni

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba mimi na wajukuu tulitembea ufukweni kutoka Mbezi Beach kuelekea Kunduchi maji yakiwa yametoka, yaani bahari ikiwa imerudi nyuma. Sentensi hiyo imeleta maswali mengi kuliko safu yote iliyobaki. Haya, tuyajibu.

Shikamoo bibi. Nataka kuipeleka familia ufukweni Jumamosi ijayo. Nitajuaje kama maji yatakuwa yametoka? (Baba wa watatu, Kimara)

Marahaba mwanangu. Umechagua siku kwanza, maji umeyaacha nyuma. Geuza: anza na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hiyo na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti kati ya juu na chini hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari inapanda na kushuka kama mita moja hivi, na ufukwe hauongezeki kitu. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu hesabu ni nyepesi, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 hivi.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndugu zetu wa bara huwa hawaambiwi. Hapa Dar bamvua ina saa zake. Maji hufika chini kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa kabisa saa kumi au kumi na moja jioni. Ndiyo maana kuna Jumapili unafika ufukwe wa Coco jioni unakuta mawimbi yanapiga mawe na hakuna hata pa kutandika khanga, na kuna Jumapili nyingine mchanga upo wa kumwaga. Bahari haijakuchukia, umekuja na saa yako badala ya saa yake. Kila siku saa hizo husogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi. Kwa hiyo Jumamosi yakitoka saa nne, Jumapili ni karibu saa tano.

Jedwali la maji la Dar es Salaam lipo mtandaoni bure. Lakini likiandika 10:15 ni saa nne na robo asubuhi. Nimeshawahi kupokea mgeni aliyefika saa kumi na robo jioni na vindoo vya watoto, maji yamegota ukutani. Mengine huandika saa za Greenwich, hapo ongeza saa tatu.

Ukishajua saa ya maji kuwa chini kabisa, ingia ufukweni saa moja na nusu kabla. Yakifika chini, wewe uwe unageuka kurudi. Saa mbili na nusu asubuhi jua nalo halijawa kali.

Bibi, mama yangu ana magoti na mtoto wangu ana miaka sita. Twende wapi? (Mama wa Tabata)

Kigamboni, Mjimwema. Vukeni kwa pantoni pale Magogoni kisha bajaji, au kama mna gari piteni Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016. Baadhi ya sehemu hutoza kiingilio, ulizeni kabla ya kushuka.

Mama atembee kwenye mchanga uliolowa, ule ambao maji yametoka kuuacha. Ni mgumu, mguu hauzami. Mchanga mkavu wa juu ndio unaoua magoti. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, inatosha kabisa, na mtoto atasimama kila hatua kumi kuangalia kaa. Coco ninaipenda kwa mihogo yake ya pilipili, ila kwa mama mwenye magoti yale mawe hapana.

Viatu gani?

Raba kuukuu za kufunga kamba. Kandambili huchomoka, na pekupeku utakutana na wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu kwenye mawe.

Eti maji yakitoka sana mtu anaweza kutembea hadi Mbudya? (Kijana wa Tegeta)

Hapana, mwanangu, na aliyekuambia hakutakii mema. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, yaani ya hifadhi, tangu 1975, na huko watu wanakwenda kwa boti.

Hata karibu na nchi kavu, jihadhari na mikondo. Mwaka mmoja nilivuka kijito kinachoingia baharini, maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu. Nikakaa ng'ambo nikipiga soga na akina mama wachokoaji pweza. Wao waliondoka, mimi nikabaki nikivutiwa na mandhari. Niliporudi maji yalikuwa kifuani na mkoba kichwani. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kugeuka yananyata, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na katika saa hizo mbili hupanda karibu nusu ya kimo chote. Kwa bamvua hiyo ni mita moja na nusu, yaani karibu kimo chote cha mtu mfupi kama mimi. Ukiona wachokoaji pweza wanarudi, nawe rudi. Usiwaulize kwa nini.

Watoto waokote kombe na viti vya pweza?

Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwache majini, mtazameni hapohapo. Kombe nalo, hata likionekana tupu, mara nyingi kaa ameshapanga humo. Na kwenye maeneo tengefu kuchukua chochote ni kosa.

Mlinzi wa hoteli alitufukuza tukipita mbele ya hoteli. Ana haki? (Msomaji, Mikocheni)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo huo mchanga si sebule ya mtu. Viti na miavuli ni vyao, msiviguse. Mimi hushuka hadi kwenye mchanga uliolowa, namwambia "habari za kazi, baba," naendelea na safari. Sijawahi kufuatwa.

Na wakati wa masika?

Kaa mbali na midomo ya mito, hasa Msimbazi na Mlalakuwa. Taka zote za mjini hushukia huko, na maji yake usiyakanyage ukiwa na kidonda.

Bibi, na usiku wa mbalamwezi je? Mimi na mchumba wangu tumeshapanga. (Msomaji, Sinza)

Mwezi mpevu maji hutoka pia saa nne usiku, mchanga unang'aa, nakubali. Nendeni mahali penye taa na watu, mkale mihogo.