Wastani umepanda, mbona watoto bado hawajui kutoa?

SWALI: Assalamu alaikum. Nasomesha hisabati Darasa la 5 hapa Wete, wanafunzi 62. Jaribio la mwanzo wa muhula wastani ulikuwa 41, la juzi 52. Mwalimu mkuu kafurahi, lakini nikisahihisha madaftari naona watoto wale wale bado kutoa kunawashinda. Nifanye nini na alama hizi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Wa alaikum salaam, mwalimu. Liamini daftari. Watoto 15 waliopanda kwa alama 45 kila mmoja wanatosha kuuinua wastani wa darasa lako kwa karibu alama 11, na wenzao 47 wasisogee hata kidogo. Au huenda jaribio la pili lilikuwa jepesi zaidi, basi.

Jumla ya alama haikwambii cha kusomesha kesho. Zipasue kwa swali. Chora jedwali: majina yashuke upande wa kushoto, namba za maswali zikae juu. Aliyepata mtie alama ya vema. Aliyekosa usimtie mkasi. Andika jibu lenyewe alilolitoa. Usijaze mtihani mzima, maana maswali 20 kwa watoto 62 ni visanduku 1,240 na utachoka kabla ya kufika nusu. Chukua maswali manne ya kutoa tu.

Tazama 402 − 178, ambayo jibu lake ni 224. Aliyeandika 376 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu, bila kujali ipi iko juu. Huyu hajajua kukopa kabisa. Mrudishe kwenye njiti zilizofungwa kumi kumi, afungue fungu kwa mkono wake. Aliyeandika 324 anajua kukopa, ila sifuri imemvuruga: ameigeuza kuwa 9 na kusahau kuipunguza ile 4. Anahitaji mazoezi ya namba zenye sifuri katikati, kama 503 na 604, si somo zima upya. Wa 580 amejumlisha. Mzoeze kuizungushia duara ishara kabla ya kuanza. Wote watatu wamepata sifuri, na ukiwapa zoezi moja la marudio, wawili watapoteza muda wao.

Kama zaidi ya nusu ya darasa wana kosa lile lile, rudia somo kwa wote. Wakiwa wachache, watenge makundi, dakika 15 mara tatu kwa wiki, huku wengine wakifanya kazi ya ubaoni. Baada ya wiki mbili wape maswali manne mapya ya uzito ule ule. 503 − 267 inafaa. 586 − 243 haifai, kwani haina kukopa, na 402 − 178 wameshaikariri. Anayepata matatu kati ya manne atoke kundini. Swali moja halitoshi kuhukumu, mtoto huweza kubahatisha.

Jihadhari pia na maswali ya maneno. Aliyekosa, muulize hesabu ile ile kwa tarakimu tupu. Akipata, tatizo lake ni kusoma, na hasa kama karatasi ilikuwa kwa Kiingereza.

SWALI: Mwanangu alikuwa wa 3 darasani, sasa wa 12. Ameshuka?
Mama, Chake Chake

JIBU: Nafasi peke yake haisemi, mama. Inategemea wenzake: wakipanda wao na yeye asimame, atasukumwa nyuma ingawa hajasahau kitu. Muombe mwalimu karatasi mbili, ya zamani na mpya, na mkae mtafute mada iliyomo katika zote mbili. Ikiwa sehemu alizipata mwanzo na sasa anaandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, hapo pana pengo, na mwalimu ataweza kuanzia hapo hapo.