Ukuta wa Moto Haukingi Moto

Msomaji wetu wa Malindi, ambaye ni karani, anauliza: "Ofisini kwetu kumebandikwa tangazo lisemalo, 'Usizime ukuta wa moto wa kompyuta.' Je, neno hili ni sahihi, na chombo chenyewe ni kitu gani?"

Ndugu yangu, Mswahili aambiwaye asizime moto hushtuka kwanza, kisha akatafuta ndoo ya maji. Neno hilo si sahihi, nami limenikera tangu nilipoanza kuliona. Huku kwetu Lamu ukuta wa mawe umejengwa kwa mawe, na ukuta wa udongo umekandikwa kwa udongo. Basi ukuta wa moto ni moto uliosimama ukiwaka. Wapo wanipingao kwa "dawa ya mbu", ambayo haikutengenezwa kwa mbu. Lakini dawa ni neno libebalo kazi yake, ndiyo maana kitajwacho baada yake huweza kuwa adui, ilhali kitajwacho baada ya ukuta ni kilichoujenga au ni mwenye ukuta huo. Waingereza, kwa neno lao "firewall", walikusudia ukuta uzuiao moto usivuke nyumba hadi nyumba, na mafundi wa kompyuta wakaliazima jina hilo miaka ya 1980. Aliyekosea ni mfasiri wetu, aliyehamisha maneno mawili akaiacha maana ng'ambo.

Chombo chenyewe, kiwe programu au kifaa, hukaa baina ya kompyuta na mtandao, kikakagua kila kifurushi cha data, yaani kila kipande cha habari kisafiricho mtandaoni: kimetoka anwani gani, kinakwenda wapi, kinabisha mlango wa namba ngapi (mlango hapa ni namba itambulishayo huduma ya mtandao), kwani kurasa za intaneti kwa kawaida hupitia mlango wa 80 au wa 443, kisha hukipitisha au hukizuia kwa kanuni zilizowekwa. Itazame nyumba ya mawe ya Lamu: mgeni hupiga hodi, huketishwa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, akaulizwa atokako na amtakaye, na asiyejulikana huishia papo hapo juu ya baraza, asikione hata kiwanda, yaani ua wa ndani. Katika kazi yote hiyo hakuna moto.

Kwa hiyo mimi nasema ngome, ngome ya kompyuta, kwa kuwa ngome ina kuta, ina lango, na ina askari amwulizaye apitaye. Fundi akisema "faiawoli" namvumilia, maana neno geni lililoingia kwa jina lake halimdanganyi mtu. Tangazo la ofisini kwenu libanduliwe, liandikwe upya: "Ngome ya kompyuta isizimwe."