Mvua imepita, moyo bado unaanua dagaa

SWALI: Nilianika dagaa wa mtaji wa mkopo, mvua ikanikuta niko sokoni. Zaidi ya nusu wameharibika. Sasa kila saa 8 usiku naamka, nahesabu hasara mpaka alfajiri. Watu wanasema "achilia tu". Naachiliaje?
*Mama wa dagaa, Kibirizi, Kigoma*

JIBU: Pole sana, mama. Kuachilia si kujifanya hasara haikutokea, wala deni halifutiki kwa kuvuta pumzi. Mvua ile imekwisha. Deni bado lipo. Usiku kichwa kinayachanganya hayo mawili, ndiyo maana hesabu haifiki mwisho. Yatenganishe mchana.

Saa 11 jioni kaa na daftari dakika 15, zisizidi. Kushoto andika yasiyorudi: kilo zilizoharibika na fedha zake. Kulia andika yanayofanyika: nani anakudai, kiasi gani, siku gani utakwenda kuzungumza naye kabla hajakufuata, na dagaa waliokatikakatika utamuuzia nani wa chakula cha kuku. (Walioota ukungu watupe, hata kuku wasile.) Funga daftari. Usiku wazo lilelile likirudi, liambie limeshaandikwa.

Ukiamka na usingizi ukakataa kwa kama dakika 20, usigaegae. Ukizoea kuhesabia madeni kitandani, kulala tu kutaanza kukuamsha akili. Toka, keti kwenye kigoda, mgongo wima, simu mbali. Acha pumzi iende yenyewe, na kila inapotoka hesabu: moja, mbili, hadi kumi, kisha rudi moja. Ukijikuta kumi na nne, au umeshafika kwa mkopeshaji, rudi moja bila kujigombeza. Huko kurudi ndiko kuachilia kwenyewe; ukirudi mara 30 kwa dakika 10, umefanya mazoezi mara 30. Wengi hukosea hapa: huvuta pumzi kwa nguvu wakapata kizunguzungu, au hutaka kichwa kiwe kitupu, kisipokuwa kitupu wakaacha siku ya tatu.

Kwa nini kumi? Walimu wa Kibudha wa Sri Lanka, karne ya 5, walionya hesabu isipungue tano wala isizidi kumi. Ikiwa fupi mno, akili husukumana kama ng'ombe waliobanwa zizini. Ikiwa ndefu, akili hushika namba ikaiacha pumzi.

Ukipoteza hamu ya chakula na ya kazi kwa wiki 2 mfululizo, nenda hospitali ueleze yote. Hapo daftari peke yake halitoshi.

SWALI: Nasikia Wabudha wanasema kuangaziwa ni kuacha kila kitu. Je, niache biashara? Na kuhesabu pumzi hakugongani na Uislamu wangu?
*Msomaji, Ujiji*

JIBU: Usiache biashara, ndugu yetu. Lengo la huko kuangaziwa wanaliita nirvana, maana yake ni kuzimika, kama moto. Kinachozimika, wanasema, ni moto wa tamaa, wa chuki na wa upumbavu. Katika Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, neno upadana lina maana mbili: kung'ang'ania, na kuni. Tazama jiko la mkaa: halihitaji kupigwa ili lizime, usipoongeza mkaa linakufa lenyewe. Kinachoachwa ni kule kuongeza mkaa: kurudia tusi la jana, kupiga hesabu ya faida ya jirani. Wavuvi wa ziwa letu wanalijua jambo hili kwa mikono. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti dagaa vizuri, basi hutua nyavu, wakazishona. Hakuna anayegombana na mwezi.

Kuhesabu pumzi kwenyewe si ibada, hakuna anayeombwa. Na tawakali (kumtegemea Mungu) uliyofundishwa inaanza na kumfunga ngamia asipotee, ndipo unategemea. Moyo ukisita, muulize shehe unayemwamini.

SWALI: Mume wangu amefariki miaka 2 sasa. Ndugu wananihimiza nigawe nguo zake, mkono hauendi.
*Mjane, Tabora*

JIBU: Dada, kama hakuna mgogoro wa mirathi, tarehe ni yako. Usianze na shati alilolipenda. Anza na viatu na mikanda, mfuko mmoja tu, asubuhi, ukiwa na mtu asiyekuharakisha. Chagua kwanza kimoja cha kubaki nacho, kiweke chumba kingine. Vya kugawa vipeleke mtaa wa mbali, usije ukakutana na koti lake dukani kabla hujawa tayari.