Nikikimbia, lazima nisalimie kila mtu?

SWALI: Mi hukimbia asubuhi barabara ya kwenda Dunga, hapa Kisumu. Juzi mzee wa mtaa ameambia mama eti siku hizi nina madharau, nampita kama mti. Lakini nikiwa mbio pumzi imeisha na muziki uko masikioni, nifanyeje? – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Mzee ana haki bana. Huku kwetu mkubwa hapitwi kimya, na hakuna mtu amekuambia usimame uulize habari za wajukuu, inua mkono, sema "oyaore mzee" (salamu ya asubuhi kwa Kijaluo), songa. Mtafute jioni umwamkie vizuri hiyo kesi iishe. Na kama ni siku ya mbio rahisi na hata neno moja halitoki basi unaenda kasi sana, mbio rahisi ni ile unaweza kupigia stori. Siku ya spidi mkono pekee unatosha. Wakimbiaji wenzako wataelewa hata ukitingisha kichwa tu.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kumtokea mtu nyuma. Mama amebeba karai la samaki kichwani, wewe huyo puu mgongoni bila sauti, akishtuka samaki chini, nani atalipa? Sema "mama napita" ukiwa bado mbali na upunguze mwendo. Sikio moja liache wazi, kuna bodaboda. Pasipo njia ya miguu kimbia upande wa kulia, uone magari yanayokuja.

Dada akiwa peke yake alfajiri, msalimie kwa umbali, mpe nafasi, na tafadhali usianze kukimbia naye sambamba.