Mwanao anataka kulenga shabaha? Aanze kwa kujifunza kushusha bunduki

Jumamosi iliyopita binti mmoja ninayemfundisha, yupo kidato cha pili, aliinua bunduki ya upepo mara tisa kabla ya kufyatua risasi yake ya mwisho. Mara tisa. Wenzake walishamaliza, wamekaa kwenye benchi wanakunywa maji, wengine wanamwangalia kwa jicho la "si umalize twende nyumbani". Yeye anainua, analaza shavu kwenye kitako, anapumua, anatulia, halafu anaishusha. Anapumzika. Anainua tena. Mara ya tisa ikatoka. Nilipokwenda kuchukua karatasi nikakuta tundu limeimeza nukta ya katikati yote. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Kesho yake asubuhi nikapata ujumbe wa mama mmoja wa Kigamboni. Kijana wake ana miaka 14, aliangalia Olimpiki ya Paris kwenye simu, na tangu hapo nyumbani hakukaliki. Mama anauliza mtoto aanzie wapi, hajachelewa, na je, huu mchezo siyo hatari? Nilianza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora niliweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma tuna ndoto moja: siku tumwone kijana wa Dar kwenye mstari wa fainali, bendera yetu mgongoni.

Nianze na hatari, mama yangu, sitakuficha. Bunduki ya upepo haina baruti, lakini jicho inatoboa. Kwa kuwa risasi yake ni kidonge cha milimita 4.5 tu kinachosukumwa na hewa iliyobanwa, kuna wazazi wanaiona kama kitu cha kuchezea, wanawapa watoto wakapige kunguru. Hapo hatuelewani kabisa. Silaha hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mambo ya vibali yapo kwa Jeshi la Polisi. Kabla hujaagiza chochote, hata kama muuzaji anakuapia kwamba haihitaji karatasi, nenda kituoni ukaulize mwenyewe. Sisi tunatumia bunduki mbili za mzee mmoja mwenye kibali. Anakuja nazo, anakaa hadi mwisho, anaondoka nazo. Hakuna mtoto anayelala na bunduki kwao. Ikiwa mezani, kunapitishwa uzi wa rangi ya machungwa ndani ya mtutu mzima, uonekane huku na huku, ili hata aliyesimama mbali ajue ndani hamna kitu. Na kwa kuwa vile vidonge ni madini ya risasi kweli, yaani sumu, wakati wa mazoezi hakuna andazi wala karanga, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla mtu hajapanda daladala.

Mimi bunduki niliishika mara ya kwanza JKT mwaka 2014, baada ya kidato cha sita. Ilikuwa kulala kifudifudi, vumbi mdomoni, afande anapita nyuma yetu. Nilipopiga zangu akasimama, akaangalia karatasi, akaniuliza jina la baba. Ni hilo tu. Lakini niliporudi kombania nilikuwa mtu mwingine. Nyumbani nilikuwa yule mtoto mpole asiyejua mpira wala kuimba, na leo nimekuta kitu ambacho upole wangu unanifaa.

Mwaka uliofuata nikaenda kusoma Pune, India. Kule mchezo huu una heshima yake, hasa tangu Abhinav Bindra alipochukua dhahabu ya bunduki ya upepo ya mita 10 huko Beijing mwaka 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mhindi aliyeshindana peke yake. Nikajiunga na klabu jirani na hosteli. Chakula nilikuwa nabana, ada ya klabu nalipa.

Kwa ambao hamjawahi kuiona shabaha yenyewe: chukua kizibo cha soda, kibandike ukutani, rudi nyuma mita 10. Ile nyeusi yote unayoilenga ina upana wa milimita 30.5, yaani kama hicho kizibo. Sasa chukua kalamu ya wino, gusa katikati ya kizibo mara moja. Hiyo nukta ndiyo kumi. Ina nusu milimita. Unasimama wima, hakuna cha kuegemea, na unatakiwa kuipata mara 60 ndani ya saa 1 na dakika 15. Kwenye mashine za kielektroniki hata hiyo kumi inagawanywa, ya katikati kabisa ni 10.9.

Piga hesabu. Dakika 75 kwa risasi 60 ni sekunde 75 kwa kila risasi, wakati kulenga kwenyewe hakuhitaji hata sekunde kumi. Muda upo mwingi. Huu ndio moyo wa ninachotaka kusema leo, na nilikijua kwa kuumia.

Mwaka wangu wa tatu kulikuwa na mashindano ya vyuo. Hadi leo nikiyakumbuka tumbo linanikata. Imebaki risasi moja, nahitaji 9 tu niingie kwenye wanane wa fainali. Saa ya ukutani inaonyesha zimebaki dakika 11. Nikainua. Kiduara cha mbele, kile cha kulengea kilicho mwishoni mwa mtutu, kikatulia, kikayumba, kikatulia tena. Nikahisi jasho linateremka kutoka kwenye nyusi. Jicho likaanza kuchoka, ile nyeusi ikawa inafifia pembezoni. Mwili mzima unaniambia shusha. Lakini wa kulia kwangu alikuwa anafunga begi, wa kushoto ameshaondoka, lile koti gumu la turubai na ngozi tunalovaa wakati wa kulenga limenichosha, nikajiambia ngoja nimalize niondoke. Nikavuta triga.

Saba.

Nikawa wa tisa. Dakika 11 zilikuwa zimebaki, na hakuna mtu aliyekuwa ananifukuza.

Usiku ule kocha wangu alinisimulia habari za Matthew Emmons wa Marekani. Athens mwaka 2004, fainali ya mita 50 ya mikao mitatu (magoti, kifudifudi na kusimama), anaongoza, imebaki risasi moja, akaipiga vizuri kabisa kwenye shabaha ya jirani yake. Sifuri. Akaporomoka hadi nafasi ya nane. Beijing mwaka 2008, mchezo uleule, anaongoza tena, risasi ya mwisho ikamtoka kabla hajawa tayari: 4.4, akamaliza wa nne. Watu wengi wanaishia hapo wakisikitika. Kocha hakuishia hapo. Emmons alirudi tena London mwaka 2012 akachukua shaba. Nililala nikiwaza moyo wa mtu wa namna hiyo umetengenezwa na nini.

Nikarudi Dar. Sehemu hii niliapa sitaiandika, lakini mama wa Kigamboni ana haki ya kujua anakomleta mwanawe. Nilijiunga na klabu moja, jina naliacha. Kukawa na mchujo wa kwenda mashindanoni nje. Mchujo wa kwanza niliongoza. Wa pili niliongoza. Nikakimbizana na pasipoti, nikaazima begi kubwa kwa dada yangu. Jumatano moja nikafungua grupu la WhatsApp nikakuta picha: wenzangu uwanja wa ndege, traksuti mpya, na aliyekuwa wa nne yumo. Hakuna aliyenipigia. Nilipouliza nikajibiwa, "Dada, wewe bado kijana, utaenda mwakani." Aliyekwenda nilikuwa nimemzidi umri kwa miezi mitano tu.

Mwakani haikufika. Koti nilifungia kwenye begi miaka miwili, na kwa unyevu wa mji huu nilipolitoa lilikuwa limeota ukungu kwapani. Nilikaa kwenye ngazi nalisugua kwa limao na chumvi huku nalia kama mtu aliyefiwa. Sijasamehe bado. Nasali nisamehe. Kwa hiyo shika huu ushauri kutoka kwa aliyeumwa: kila mchujo, piga picha karatasi yako ya matokeo ikiwa na sahihi ya aliyehesabu, na taratibu za kuchagua timu zibandikwe ukutani kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Wakikataa kuzibandika, mapema utajua upo na watu gani.

Sasa mazoezi. Wengi mnadhani bila bunduki hakuna cha kufanya. Zaidi ya nusu ya mazoezi yangu, tangu Pune, hayana risasi hata moja. Nikiwa Sinza, kwenye korido ya nyumba ya kupanga, nilitumia mti wa ufagio. Unachukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, unazijaza mchanga mkavu, unazifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, moja karibu na mkono wa mbele, nyingine karibu na bega. Zote mbili zinakaribia kilo 5, na bunduki ya mashindano hairuhusiwi kuzidi kilo 5.5. Kwa mtoto wa miaka 14 weka mchanga nusu chupa, usimvunje mgongo. Kizibo kipo ukutani. Simama ubavu, kiwiko cha mkono wa mbele ukikalishe juu ya mfupa wa nyonga, mifupa ndiyo ibebe, misuli ilegee. Fumba macho. Pumua mara mbili. Fumbua. Mti umeelekea wapi? Kama umeelekea kushoto ya kizibo, usiuvute kwa mikono. Sogeza miguu. Ukivuta kwa mikono, misuli itaurudisha palepale wakati wa kufyatua, na utabaki kulaumu bunduki.

Halafu toa pumzi nusu, zuia, hesabu hadi nane. Ukifika nane, shusha. Hata kama umetulia vizuri, shusha. Pumzika dakika nzima. Rudia mara thelathini. Wapangaji wenzangu walikuwa wananipita na ndoo zao, mmoja akamuuliza mwenye nyumba kama mimi ni mzima. Niliendelea. Ukishika bunduki yenyewe ni yaleyale, kinachoongezeka ni jicho: liangalie kiduara cha mbele kiwe safi, ile nyeusi iache iwe na ukungu kidogo. Wanafunzi wote wanaanza kwa kukosea hapo, wanaikodolea shabaha. Na asubuhi ya mashindano kashata kula, kahawa acha, mapigo ya moyo yanaonekana hadi kwenye mtutu.

Swali la kuchelewa. Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alianza mchezo huu mwaka 2021, na Paris mwaka 2024 akachukua dhahabu ya bunduki ya upepo ya mita 10 akiwa na miaka 16. Alikuwa anaongoza, risasi mbili za mwisho zikateleza chini ya kumi, Huang Yuting wa China akamfikia, wote jumla ya pointi 251.8. Wakapewa risasi moja moja ya kuamua. Binti akapata 10.4, mwenzake 10.3. Nimeiangalia ile video sijui mara ngapi. Hizo risasi mbili zingeweza kumvunja. Akasimama, akaanza upya kana kwamba ndiyo ya kwanza siku ile.

Wazazi, sikilizeni. Mtoto akitoka kwenye mstari usimuulize amepata ngapi. Muulize ameshusha mara ngapi. Vijana wetu wanalelewa kwenye mji wa haraka: haraka kupanda mwendokasi, haraka kujibu, haraka ya kutajirika, haraka ya kuposti. Mtoto anayeweza kuwa na kitu mkononi, kidole kipo tayari, watu wanamwangalia, na bado akasema "hii siyo", akaishusha, huyo hata shinikizo la marafiki wa mtaani litampata ameshazoea. Ninyi vijana mnaonitumia picha za makoti ya bei mbaya, koti halitakushushia bunduki. Shusha mwenyewe. Umechoka, shusha. Jasho limeingia jichoni, shusha. Kocha anaangalia saa, mwache aangalie, wewe shusha. Nawaambia kwa sababu nilijua na sikufanya, na ile saba naibeba hadi leo.

Mama wa Kigamboni, mlete Jumamosi saa tisa alasiri, mahali nitakutumia kwa ujumbe. Avae raba za soli bapa na shati la mikono mirefu, abebe chupa mbili tupu za lita moja na nusu. Mchanga upo. Na wewe ukae hadi mwisho, kuna benchi nje chini ya mwarobaini. Mwezi wa kwanza hatagusa bunduki, atashika mti wa ufagio. Mwambie hilo mapema, kabla hamjapanda pantoni.