Elbrus ni ya Warusi kweli au jina tu?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Darasani kwetu kumezuka ubishi kuhusu Elbrus-8S, ile prosesa ya seva na kompyuta za kazi nzito ambayo Urusi wanasema wameichora wenyewe. Sasa mbona ina gigahezi 1.3 tu, hata laptop yangu kuukuu inaipita? Na Windows inaendesha au ndo basi? Halafu kuna jamaa anakomaa kwamba si ya Urusi, ni ya Taiwan.

JIBU: Salama kabisa ndugu yetu. Tuanze na gigahezi, maana hapo wengi wanakwama. Elbrus-8S ina kori 8, yaani vitengo vinane vya kukokotoa, na kila kori kwa mpigo mmoja wa saa (gigahezi 1.3 ni mipigo bilioni 1.3 kwa sekunde) inaweza kufanya operesheni mpaka 25. Prosesa za Intel na AMD zina mitambo ndani yake inayotazama amri zinavyoingia na kuamua papo hapo zipi ziende pamoja, Elbrus haijibebeshi mzigo huo, kaachiwa kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wa programu kuwa amri za mashine, yaani wakati programu inaandaliwa amri zinafungwa kabisa kwenye furushi moja refu na chipu ikilipata inatekeleza tu kama ilivyopangiwa. Kwenye hesabu zinazojirudia, kama matrisi au mawimbi ya rada, hapo inachanja mbuga. Lakini mpe databesi, ambayo hata yenyewe haijui data inayofuata iko wapi, kompaila itapanga nini? Memori ikichelewa kujibu furushi zima linasubiri, na nyingi ya zile nafasi 25 zinaenda tupu.

Ndo yaliyowakuta Sber, benki kubwa kuliko zote Urusi. Mwishoni mwa 2021 walieleza hadharani walivyoipima na Intel Xeon Gold 6230, wakalalamika memori haitoshi tena iko slo, kori chache, spidi ndogo. Ila na wao, hiyo Xeon ina kori 20 na ni ya 2019, Elbrus-8S ni ya miaka kadhaa nyuma!

Windows inawaka, ndiyo, kwa sababu kuna mfumo unaotafsiri amri za x86, lugha ya prosesa za Intel na AMD, kwenda za Elbrus huku kompyuta ikiendelea na kazi, ila lazima spidi ipungue. Mwenye akili anaweka Linux iliyokompailiwa kwa ajili yake, ipo Elbrus Linux na ipo Alt, Linux nyingine ya Kirusi.

Sasa huyo jamaa wa Taiwan. Mchoro ni wa MCST, kampuni ya Moscow iliyoanza 1992 na wataalamu waliotoka kwenye kompyuta kubwa za Elbrus za enzi za Sovieti, na seti ya amri ni yao, hawajakodi kwa Intel wala kwa ARM, kampuni nyingine ya kuchora prosesa. Hapo kashindwa. Ila chipu yenyewe ilikuwa inachapwa na TSMC, kiwanda cha chipu huko Taiwan, kwa teknolojia ya nanomita 28 (namba ikiwa ndogo, transista nazo ni ndogo), na baada ya vikwazo vya 2022 mlango ukafungwa, mpaka kwa Elbrus-16S ya kori 16 iliyohitaji nanomita 16. Wapo Mikron, kiwanda cha chipu cha Urusi pale Zelenograd, lakini hao wanajulikana kwa nanomita 90, na chipu yenye transista zaidi ya bilioni 2.7 kwenye milimita mraba 321 ukiihamishia huko piga hesabu mwenyewe, 90 kwa 28 halafu kipeo cha pili, inatanuka mara kumi hivi. Zaidi ya milimita mraba 3,000 kwa chipu moja, hiyo haichapiki.